Nyonga Mpya ya Mwanawetu

Dada yangu Mwanawetu alikuwa mwosha maiti, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa hawezi kusimama bila kushikilia kitu. Nayasema mawili haya kwa pamoja kwa sababu kwake yalikuwa jambo moja. Mtu mwingine akiharibikiwa na nyonga atasikitika kwamba hafiki sokoni wala harusini. Dada yangu alisikitika kwamba wanawake wa Kisenyi, mtaa wetu hapa Kampala, walikuwa wakifa na kuoshwa na watu wengine.

Kazi hiyo aliipokea kwa mama yetu, Bi Sabah, ambaye naye aliipokea kwa mama yake, na huko nyuma zaidi sijui. Labda wazee wetu walikuja nayo kutoka pwani pamoja na misahafu na majani ya chai. Mimi, Hajara, haikunifikia. Mama alinitazama mara moja tu nikiwa msichana, akasema, "Huyu ana mdomo. Maiti anataka utulivu." Basi nikapewa duka la bizari na iliki, na sikulalamika hata kidogo.

Nyonga ya kulia ya dada ilianza kwa kumuuma kidogo kidogo, akawa anajipaka mafuta na kujikausha. Baadaye akawa anatembea kama mlango uliokatika bawaba. Siku moja, akiwa anamwosha mke wa muuza makaa, mguu ukamwacha katikati ya kazi. Wanawake waliwahi kumdaka yeye na kumdaka marehemu pia, maana alikuwa karibu kumwangusha. Alirudi nyumbani, akajifungia, na toka siku hiyo hakuosha tena mtu.

Halafu mama akaanza kuumwa moyo. Miguu ikamvimba, pumzi ikawa fupi, akawa anakula kidogo na kupungua sana. Jioni moja alituita mimi na Mwanawetu kitandani kwake akasema, "Mimi ataniosha Mwanawetu. Asiniguse mwingine."

Nikamwambia, "Mama, Mwanawetu mwenyewe siku hizi mimi ndiye ninayemwogesha."

"Basi nitamngoja," akasema, akageukia ukutani. Kama vile mauti ni mgeni unayeweza kumwambia akae sebuleni kwanza.

Usiku nilimsikia dada akilia, na nyonga haikuwa sababu.

Hiyo ilikuwa miaka ya serikali ya jeshi. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa na madaktari wengi waliondoka pamoja nao, na katika waliobaki kila mwezi mmoja alitoweka, ama kwa kutoroka ama kwa kuchukuliwa. Wenye uwezo wakiugua walikimbilia Nairobi. Sisi wa Kisenyi tulikwenda hospitali ya serikali, tukabeba shuka zetu, sufuria zetu na sabuni kama tulibahatika kuipata, kwa sababu mgonjwa bila mtu wake wa kumuuguza pale alikuwa sawa na mzigo uliosahauliwa stesheni.

Pale ndipo tulipomkuta Daktari Cleopas, mtu mrefu mwenye suruali iliyofupika na macho ya mtu asiyelala. Alisoma Ulaya, na aliporudi alirudi na ufundi wa kubadilisha nyonga. Alitundika picha ya mifupa ya dada kwenye taa, nikaona ndani ya dada yangu. Nilimjua tangu nizaliwe, nikidhani namjua mwili mzima, kumbe kulikuwa na huo weupe wote uliokuwa umembeba na mimi sikuwahi kuufikiria. Upande wa kushoto mfupa ulikuwa na kichwa cha mviringo kilichokaa vizuri mahali pake. Upande wa kulia kichwa kilikuwa kimelika, hakuna hata nafasi ya kupitisha uzi.

"Mama, hii mfupa imeisha," daktari akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, cha kujifunzia ukubwani. "Tunakata hii. Tunaweka hii."

Akatoa kwenye kabati kitu cha chuma kinachong'aa, kirefu kama kiganja na vidole vyake, chenye kichwa kidogo cha duara, na kikombe cheupe cha plastiki cha kukipokea kichwa hicho. Akanipa nishike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na baridi. Nikaingiza kichwa kwenye kikombe, nikakizungusha, kikazunguka bila sauti yoyote. Mimi ni mtu wa maneno, lakini nilikaa nimekishika hadi daktari akakiomba arudishiwe.

Mwanawetu hakukitazama sana. Aliuliza moja tu. "Nitasimama lini?"

"Kesho yake."

Nikacheka. Nilidhani Kiswahili kimemponyoka. Jirani yetu alivunjika paja, akalazwa na mguu wake ukining'inizwa kwa mawe kwa muda mrefu mpaka mgongo ukaoza kwa vidonda, na akatoka pale amebebwa, akafa. Nikamwambia daktari, "Kesho yake labda ya mwezi ujao."

"Hapana, mama. Tukikata leo, kesho anasimama. Sisi hapa hatuna manesi, hatuna vitanda, hatuna dawa mingi. Mgonjwa akilala sana kwetu anakufa. Kwa hiyo hatumwachi alale."

Dada akasema, "Nikate."

Sasa nikueleze juu ya Pélagie. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, aliyekimbia vita vya huko miaka ya nyuma akiwa ameshafundishwa na masista kazi ya kuwarudisha watu kwenye miili yao. Hospitalini waliiita fiziotherapia. Alikuwa mfupi, mnene, na msalaba wake ulikuwa umefungwa kwa uzi wa kushonea. Alituita tuende kwake kabla dada hajapasuliwa, jambo ambalo lilinishangaza, maana sijawahi kuona mtu akitibiwa kabla ya kutibiwa.

"Mutu anajifunza kuogelea mbele ya kuanguka mu maji," akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, akamkabidhi dada magongo mawili. Akamfundisha kuyatembelea huku nyonga mbovu bado ikilia. Akamfundisha kukohoa kwa nguvu na kuchezesha nyayo akiwa kitandani. Kisha akanigeukia mimi. "Na weye utakuwa nesi yake. Njo ujifunze."

Nikajifunza. Mto mmoja mnene kati ya mapaja asipishanishe miguu. Kutoka kitandani upande wa mguu mpya. Kiti kirefu, kamwe si kigoda. Asijikunje kuokota kitu, asikae chini mkekani, asikunje nne. Pélagie alinirudisha nyuma kila nilipokosea, akanifanya nilale mimi, kisha niamke kama mgonjwa, mpaka nikachoka nikamwambia ana roho ya askari magereza. Akacheka akasema, "Fanya tena."

Kisenyi ilikuja kumuaga dada kama anayekwenda Makka. Shangazi, majirani, wanafunzi wa chuo cha Kurani, wote wakaomba radhi na kusameheana naye. Daktari akampeleka ndani asubuhi, na mimi nikakaa kwenye benchi na tasbihi ya mama mkononi. Alipotoka alikuwa amelala, uso umekwajuka, na mguu ule umenyooka. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Kwa mwaka mzima mguu ule ulikuwa umejikunja kwa ndani na kufupika, na sasa ulilala sambamba na mwenzake, vidole vikitazama juu.

Usiku huo nililala chini ya kitanda chake pamoja na wauguzaji wengine, kila mmoja chini ya mgonjwa wake.

Asubuhi Pélagie akaja. Wakati huohuo shangazi zangu nao walikuwa wamefika na uji na vilio. Kwetu sisi mgonjwa analazwa. Huo ndio upendo tunaoujua: unamlaza, unamlisha kwa kijiko, unamfunika, unakaa ukingoni mwa kitanda chake na kumwambia asijisumbue. Akitaka hata kujigeuza unamwahi. Pélagie alipofunua shuka na kusema, "Mama, leo tunasimama," shangazi mmoja alipiga ukelele kiasi cha kuamsha wodi yote.

Nami nikasimama katikati. Ndiyo, nilifundishwa, lakini kufundishwa ni jambo moja na kumwona dada yako ana bomba la damu ubavuni ni jambo lingine. "Kesho," nikasema.

"Hapana kesho. Mutu akilala, damu nayo inalala. Inafanya donge mu mguu, na ile donge inapanda mupaka kwa mapafu. Nimeona batu benye walikufa juu ya kulala tu, na operasyo yao ilikuwa muzuri. Ondoka, mama Hajara, ao unisaidie."

Mwanawetu, sauti yake bado kavu, akasema, "Hajara, sogea."

Nikasogea. Nikamwekea magongo. Akashusha mguu mpya, akashusha ule mwingine, akakaa ukingoni akipumua kwa mdomo, jasho linamtiririka. Pélagie akamshika kiunoni kwa mkanda wa kitambaa, nami upande wa pili. Kisha dada akasukuma kitanda kwa mikono, akainuka.

Nilitegemea yowe. Nilikuwa nimeshakaza uso kulipokea. Badala yake akasimama pale, akatulia, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu anayemwita kwa mbali. Kisha akasema polepole, "Yale hayapo."

"Yapi hayapo?"

"Yale maumivu. Kidonda kinauma, nyama inauma. Lakini yale ya ndani hayapo, Hajara. Hayapo!"

Akatia uzito zaidi kwenye mguu ule, kwa woga kwanza, kisha kwa makusudi, akiupima. Chuma kile nilichokishika mkononi mwangu kilikuwa ndani ya dada yangu na kilikuwa kimembeba. Mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye hakutujua, akafanya ishara ya msalaba. Nasema ukweli wangu: ilikuwa kama kumwona mtu akiitwa kutoka kwenye udongo, na anaitika.

Akapiga hatua, akageuka, akarudi, akakaa kwenye kiti kirefu akala uji mwenyewe.

Siku zikaenda. Kila asubuhi Pélagie alikuja, na kila asubuhi dada alikwenda mbali kidogo kuliko jana: mpaka mlangoni, mpaka bombani, mpaka kwenye ngazi. Alisali kwenye kiti, akiinamisha kichwa tu, na hilo lilimsumbua kuliko kidonda. Mchana alilala na mto wake kati ya mapaja. Mimi nilikwenda nyumbani mara moja moja kumwona mama, na kila nilipoingia aliuliza kwa pumzi fupi, "Amefika wapi?" Nikamwambia, mlangoni. Nikamwambia, ngazi. Mara ya mwisho nilimwambia anapanda ngazi na kushuka, akafumba macho akatabasamu, na sikupenda tabasamu lile. Lilikuwa la mtu aliyemaliza kufunga mizigo.

Nilirudi hospitali nikamwambia Pélagie waziwazi. Nikamwambia dada anafanya kazi gani, na nani anamngoja, na kwamba kutembea mpaka kwenye ngazi hakutoshi.

Watu wengi wakisikia kazi ya dada hurudi nyuma kidogo. Pélagie alisogea. "Nionyeshe," akamwambia dada. "Kazi yako inafanya mwili wako nini? Mikono iko wapi? Miguu iko wapi? Unajikunja mara ngapi?"

Akatupeleka kwenye chumba chake cha mazoezi, akafunga mlango ili wagonjwa wasione, maana mgonjwa gani anataka kuona maiti akioshwa, hata wa kuigiza? Akainua kitanda cha mazoezi kwa vipande vya mbao kikafika karibu na nyonga ya dada. "Ukiosha chini, unajikunja. Ukijikunja, ile kichwa inatoka mu kikombe. Lakini ukisimama wima, uzito inashuka sawa-sawa, na ile chuma haichoki. Kwa hiyo hatubadilishe weye. Tunabadilisha kitanda."

Kisha akaniangalia. "Mama Hajara, lala."

"Mimi?"

"Nani mwingine iko hapa?"

Nikamwambia nina watoto, nina mume, nina duka, na sitaki mchezo wa namna hiyo. Nikamwambia kwetu mambo hayo hayachezewi. Dada akaegemea gongo lake akasema, "Mama alisema una mdomo. Lala tumwone maiti mwenye mdomo."

Nikalala. Nilifumba macho, nikasoma nilichokikumbuka.

"Kwanza," nikamsikia dada akimweleza Pélagie, "maiti hukalishwa. Unamwinua mgongo, anakuegemea wewe, na mkono wa pili unamkamua tumbo polepole."

"Nani anamubeba?"

"Mimi. Ndiyo kazi ya mwoshaji."

Pélagie akatikisa kidole. "Hiyo turuke kwanza. Mutu muzima ni muzito. Hiyo, wiki ingine. Endelea."

Dada akaendelea. Alikuwa ameweka magongo yote mawili ukutani na kushika ukingo wa kitanda. Kitambaa kikavu kikapita usoni pangu, pembeni ya pua, nyuma ya masikio. Kikashuka bega la kulia, mkono, ubavu, mguu. Sijawahi kuguswa hivyo. Mtu aliye hai huguswa kwa haraka au kwa haja. Huyu alinigusa kama anayekusanya kitu cha thamani kilichomwagika. Na nikiwa nimefumba macho nilisikia nyayo zake sakafuni. Zilitoka kichwani pangu zikaenda miguuni, zikazunguka, zikarudi upande wa pili, na hazikusita popote. Mwaka mzima niliusikia mguu ule ukiburuzwa nyumbani, sauti ya kukwangua, mpaka nikaichukia. Sasa nilikuwa nasikia miguu miwili.

Machozi yakanitoka yenyewe, yakaingia masikioni.

"Maiti gani huyu analia?" dada akasema.

Pélagie akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, nikalia, nikakataa kufumbua macho. Nilijua nikifumbua nitamwona amesimama juu yangu bila kushika kitu, na nilitaka kubaki nalo kidogo gizani.

Mama hakungoja wiki nyingine.

Tajudin, ndugu yetu wa kiume, dereva wa teksi, alikuja asubuhi mapema akasimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi. Hakuhitaji kusema. Lakini alisema, "Dada, mama ametutoka. Alfajiri. Hajaguswa na mtu. Ndivyo alivyousia."

Mwanawetu akasoma inna lillahi, akaketi kitandani akaanza kuvaa.

Daktari Cleopas akaja mbio, nyuzi za mshono zilikuwa bado hazijatolewa. Alikagua kidonda, akaupinda mguu kidogo, akaunyoosha, akauliza kama unauma. Kisha akatazama dirishani. "Kama ilikuwa hospitali ya zamani, mimi nasema hapana," akasema. "Lakini kama ilikuwa hospitali ya zamani, mama bado amelala chali. Nenda. Jioni rudi."

Pélagie alimfungia kidonda upya kwa pamba kavu na kitambaa kikavu, akampa mto wa kukalia garini. "Mama. Ile ya kuinua, achia wengine," akamwambia. Dada alimbusu mkono akamshukuru kwa yote. Niliona kwamba hilo la kuinua hakuliitikia.

Tajudin aliendesha kama aliyebeba mayai. Karibu na mjini tukakuta kizuizi, pipa na gogo na wanajeshi. Nilijua sheria yao, kila mtu aliijua: watu wote washuke, wavuke kwa miguu, gari lipite tupu likaguliwe. Nikatoa kichwa nikaanza kusema tuna mgonjwa, tuna msiba, nikapaza sauti kama kawaida yangu.

"Hapana kelele! Shuka! Yote inashuka!" Askari mmoja kijana alikuwa ameshafungua mlango kwa mtutu wa bunduki.

Dada akanibana kidole. "Nitashuka," akasema.

Akajisogeza mpaka ukingoni mwa kiti, akanyoosha mguu mpya mbele, akashika fremu ya mlango, akasimama wima kwenye barabara ya vumbi. Nikampa magongo. Akavuka kile kizuizi cha jeshi la Uganda kwa hatua zake mwenyewe, mgongo umenyooka, buibui likipepea, na mimi nyuma yake mikono imetandazwa kama anayefukuza kuku. Askari alikuwa anatazama ndani ya buti la gari, akitafuta la kuchukua. Alipata mwavuli wa Tajudin. Hakuona kitu kingine, na yaliyopita mbele yake asubuhi ile hayakuwa madogo. Nilitaka kumrudia nimtikise bega nimwambie, tazama, wewe mtoto, tazama yule mwanamke! Mungu akanisaidia nikafunga mdomo.

Kisenyi ilikuwa imejaa mtaani kwetu, wanaume kwenye mabenchi mbele ya magereji yaliyofungwa kwa heshima, wanawake ndani. Mwanawetu alipoteremka walisimama wote. Walikuwa wamesikia kuwa amepasuliwa mfupa, na wengi hawakutegemea kumwona akifika kwa miguu. Njia ikafunguka. Niliwasikia wakinong'ona subhanallah, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlangoni.

Ufuo ulikuwa umeshachimbwa chumba cha nyuma, lile shimo la kupokea maji, na kitanda cha kuoshea kimewekwa juu yake, kifupi kama ilivyo desturi. Dada akakitazama akamwita Tajudin. "Kipandishe. Kinifike hapa," akasema, akaonyesha chini kidogo ya nyonga. Shangazi wakanung'unika kwamba haijawahi kufanywa hivyo. Tajudin hakuwauliza. Alikwenda gereji ya jirani akaleta yale magogo wanayoegeshea malori yakifunguliwa magurudumu, akayapanga manne chini ya miguu ya kitanda, akakitikisa kuona hakichezi, akatoka bila kugeuka nyuma.

Tukamleta mama. Alikuwa mwepesi, lakini si mwepesi wa kubebwa na mtu mmoja. Ubani ukawashwa. Tukamfunika kama inavyopasa. Nikachukua kata na ndoo, kazi ya kumimina, maana kwa hilo hata mwenye mdomo huruhusiwa.

Dada akaegemeza magongo ukutani.

Shangazi mkubwa akasogea kichwani. "Sisi tutamwinua, mwanangu. Wewe utaosha."

"Ahsante, shangazi. Nitamwinua mimi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na kila sababu: maneno ya Pélagie, nyuzi za mshono, kile kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe chake, ambacho mimi peke yangu katika nyumba ile nilikuwa nimekishika na kukizungusha. Nilijua jinsi kinavyoingia. Kwa hiyo nilijua jinsi kinavyoweza kutoka. Lakini nilimwona hakimbilii. Alikuwa anajipanga. Aliweka nyayo zake, akazitenganisha, akazitazama. Akabana paja la kulia kwenye ukingo wa kitanda. Akanyoosha mgongo. Akapitisha mkono chini ya mabega ya mama, kiganja nyuma ya shingo, kidole gumba kikishika kisogo, akasema bismillah, na bila kujikunja hata kidogo akamleta kwake.

Mama akainuka. Kichwa chake kikalala kifuani kwa dada, na mgongo wake wote ukaegemea upande wa kulia, juu ya nyonga ile.

Nilikuwa natazama mguu. Nilitazama goti, nikatazama paja chini ya kanga, nikingoja mtetemeko nilioujua, ule uliokuwa ukimwanza kabla ya kuanguka. Haukuja. Mguu ulisimama. Ulimbeba dada na ulimbeba mama, wote wawili, kimya, na hapo ndipo nilipoelewa mama alikuwa akingoja nini. Wala haikuwa kuoshwa. Maiti hajui nani anamwosha. Alikuwa amemngoja mwanawe asimame.

Mwanawetu akapitisha mkono wa kushoto juu ya tumbo la mama, polepole, kama alivyofundishwa na huyohuyo aliyemwegemea. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Hajara," akaniambia bila kugeuka. "Maji."

Nikamimina.